Kalsiamu ya Karatasi ya Maabara na Ile Inayomfikia Farasi

Mara nyingi mwenye farasi huniletea konzi moja ya nyasi kavu aliyoichomoa ubavuni mwa robota, akaomba nimwambie kama lishe hiyo inatosha. Konzi hiyo haiwezi kunipa jibu, kwa kuwa majani, ambayo ndiyo yenye protini nyingi, hupukutika njiani na maabara ikapokea mashina. Mimi huchagua marobota yapatayo 20 ya shamba moja na mkato mmoja, nikayatoboa upande wa kichwa kwa bomba lenye ncha kali linalozungushwa na drili, kisha nikachanganya yote yaliyotoka.

Majibu yakirudi, nasoma safu ya uzito mkavu, yaani baada ya unyevu kuondolewa. Protini hainichukui muda: farasi mzima wa kilo 500 asiyefanya kazi anahitaji takriban gramu 630 kwa siku, na kilo 10 kavu za nyasi yenye asilimia 7 zinampa 700.

Kalsiamu ndiyo inayonisumbua. Farasi huyo anahitaji gramu 20 za kalsiamu na 14 za fosforasi. Nyasi yenye asilimia 0.3 na 0.25 inampa gramu 30 na 25, na hapo hakuna tatizo. Lakini saisi akiongeza kilo mbili za pumba za ngano, ambazo fosforasi yake ni karibu asilimia 1 na kalsiamu karibu 0.1, fosforasi inafika 45 huku kalsiamu ikiishia 32. Fosforasi ikiizidi kalsiamu, huizuia isifyonzwe vizuri; mlo ukiendelea hivyo kwa miezi, mwili huanza kuchota kalsiamu mifupani, na farasi huchechemea au kuvimba mifupa ya uso.

Hatari nyingine haionekani kabisa katika kipimo cha kawaida. Nyasi ya kikuyu, iliyojaa nyanda za juu za Kenya, ina oksaleti, kemikali ya asili ya mmea inayoifunga kalsiamu isifyonzwe, na maabara huhesabu hata ile iliyofungwa. Kwa hiyo naagiza oksaleti ipimwe pia, na kalsiamu ikiwa chini ya nusu ya uzito wa oksaleti, nashauri nyasi ya Rhodes, ambayo oksaleti yake ni kidogo. Wafugaji wengi hushangaa, maana ng'ombe wao wananawiri kwenye kikuyu hiyohiyo. Ila vijidudu vya tumbo la ng'ombe huivunja oksaleti kabla chakula hakijafika utumbo mwembamba, ilhali farasi hufyonza kalsiamu yake katika utumbo huo, kabla chakula hakijakutana na vijidudu vyake vingi.