Chupa ya waini ikifika Korea: nani anainunua, anainunulia wapi, na kodi inakula shingapi

Tulikuwa Hombolo, Dodoma, kwenye mafunzo ya wakulima wa zabibu, tumefika mwisho kabisa watu wanaanza kukunja madaftari, mzee mmoja akanyoosha mkono akasema, "Mwanangu, nasikia Wakorea siku hizi wanakunywa waini kama maji. Sasa mbona mchuzi wetu wa zabibu unakaa kwenye matenki tunautazama tu?" Nikamjibu juujuu maana wali ulishaanza kupoa na watu wana njaa, ila lile swali limenikaa kichwani, na siyo yeye peke yake, hata ofisini simu za namna hiyo zinaingia mara kwa mara. Basi leo nalijibu vizuri. Na niseme mapema, hapa naongelea biashara, simtumi mtu baa.

Tuanze na hilo la "kama maji". Hapana mzee wangu. Mwaka 2021, ambao Korea Kusini waliingiza waini nyingi kwa ujazo kuliko mwaka wowote uliotangulia, ziliingia tani 76,500 na kitu. Gawa hiyo kwa watu milioni 51 na ushee, inakuja kama chupa mbili kwa mtu kwa mwaka mzima. Mbili! Mfaransa hizo anazimaliza ndani ya wiki mbili bila hata kuona kama amekunywa. Kwa hiyo siyo kwamba wanakunywa sana, kilichoshtua watu ni kasi. 2019 walinunua waini ya nje ya dola milioni 259 hivi, 2020 ikafika kama milioni 330, na mwaka huohuo kwa mara ya kwanza pesa ya waini inayoingia ikaipita ya bia inayoingia, 2021 ikaruka mpaka karibu milioni 560, 2022 ikagusa 581. Yaani miaka mitatu tu soko limezidi mara mbili. Hapo ndo kila nchi yenye shamba la zabibu ikaanza kutafuta tiketi ya kwenda Seoul.

Sasa hawa ni watu wa soju. Ile chupa ndogo ya kijani, kali kidogo, bei chee, inanyweka kwa vikombe vidogo na nyama ya nguruwe ikichomwa katikati ya meza. Na hainyweki kivyako, unanyweshwa. Bosi anamimina, wewe mdogo unapokea kwa mikono miwili, unageuza uso pembeni ndo unakunywa, ukimaliza unammiminia na yeye. Kazi ikiisha ofisi nzima mnatoka pamoja, wenyewe wanaita hoesik, na kukataa ilikuwa ni kama umekataa salamu. Kwenye meza ya namna hiyo waini ilikuwa inaingilia wapi?

Ilikuwepo lakini kwa mbali. 1977 kampuni moja ya bia ya hukohuko ilitoa waini inaitwa Majuang, na kwa miaka mingi watu walioijua vizuri walikuwa Wakatoliki maana ilikuwa inatumika kwenye misa. Waini ya nje ikaruhusiwa kuingia 1987, mwaka mmoja kabla ya Olimpiki ya Seoul, tena ilikuwa kinywaji cha hotelini na cha watu wenye majina.

Mlango wa kwanza mkubwa aliufungua Mchile. Tarehe 1 Aprili 2004 mkataba wa biashara huria kati ya Korea na Chile ulianza kufanya kazi, ndo mkataba wa kwanza wa aina hiyo Korea kuwahi kuwa nao, na ushuru wa forodha wa asilimia 15 kwenye waini ukawa unapunguzwa kidogokidogo mpaka ukafika sifuri 2009. Wengine wakaja nyuma: Umoja wa Ulaya Julai 2011, Marekani Machi 2012, Australia mwishoni mwa 2014. Ila Mchile alishakaa kitini. Montes Alpha mpaka leo watu wanaiita waini ya taifa, utadhani inatoka mji wao wa Busan.

Na kuna moja hii huwa naipenda kuisimulia darasani. Kuna waini ya Chile inaitwa 1865, hiyo namba ni mwaka kiwanda kilipoanzishwa, basi. Lakini Wakorea wenye pesa wanapenda gofu kufa, na wauzaji wa kule wakaisoma ile namba kwa namna yao: kumaliza mashimo 18 kwa mipigo 65 tu. Yaani ukimpa mtu hiyo chupa ni kama unamwombea apige gofu ya maajabu. Ikawa zawadi ya wachezaji gofu nchi nzima, na wala hawakubadilisha hata tone ndani ya chupa! Mtu anakaa miaka kumi anahangaika na pipa la mwaloni, mwenzie anauza kwa namba iliyoandikwa kwenye lebo.

Lakini hayo yote bado ni soko la watu wa gofu na wa zawadi za sikukuu. Kilichoishusha waini mpaka kwa mtu wa kawaida, kwa maoni yangu, ni vitu vitatu vilivyogongana karibu wakati mmoja.

Cha kwanza ni saa za kazi. Kuanzia Julai 2018 sheria ya saa 52 kwa wiki ikaanza kwa makampuni makubwa, na vijana wakapata sababu ya kukwepa hoesik. Mtu anarudi nyumbani mapema. Sasa akifika nyumbani anakunywa nini, na anakunywa na nani? Wana neno kabisa, honsul, kunywa peke yako, na lingine homsul, kunywa nyumbani. Soju peke yako inakaa kama una msiba. Glasi moja ya waini na filamu, hiyo inaonekana ni kujipongeza.

Cha pili bei. Agosti 2019 Emart, supamaketi kubwa kabisa kule, ikaleta waini ya Chile inaitwa Dos Copas kwa won 4,900 chupa, hela inayokaribiana na ya chupa moja ya soju ukiwa mgahawani. Waliwezaje? Waliagiza chupa milioni moja kwa mpigo. Ukiagiza makontena machache unalipa bei ya makontena machache, ukiagiza milioni moja unamwambia muuzaji utakacholipa. Wenzao wakafuata na za kwao za bei hiyohiyo, ikawa vita, mlaji anafurahia.

Cha tatu mnakijua, korona. Mabaa yanafungwa saa tatu usiku, watu wako ndani. Ila kuna jambo watu wengi huku hawalijui: Korea kila kitu unaagiza mtandaoni kinafika mlangoni kabla hujaamka, lakini pombe hapana. Kwa kawaida sheria inaruhusu kutumiwa nyumbani zile pombe za asili zao tu, waini ya nje haimo. Sasa Aprili 2020 mamlaka ya kodi ikalegeza kidogo, unaruhusiwa kuagiza na kulipia kwenye simu lakini ukaichukue mwenyewe dukani, wakaangalie kitambulisho chako. Wakaita "smati oda".

Hebu mwone huyu dada, ametoka ofisini saa moja usiku, yuko kwenye treni amesimama amebanwa, kidole kinapitia apu, anaangalia nyota watu walizoipa waini, anachagua, analipa. Akishuka anaingia duka dogo la saa 24 pale chini ya ghorofa lake, wanaliita pyeonuijeom, yako zaidi ya 50,000 nchi nzima, kila kona kama vibanda vya M-Pesa kwetu. Anaonyesha simu, anaonyesha kitambulisho, anapewa chupa yake na kipande cha jibini kwenye mfuko, anapanda lifti. Hakwenda duka la waini. Hakuongea na mtaalamu yeyote wa waini. Hakuogopa kutamka vibaya jina la Kifaransa mbele ya mtu. Hilo la mwisho msilidharau, aibu ya kutamka imezuia wateja wengi kuliko ushuru wa forodha.

Tukija kwenye kodi sasa, hapa chukueni kalamu. Waini inatozwa kwa thamani, siyo kwa lita. Bia na ile pombe yao ya mchele ya makgeolli zilihamishiwa kwenye lita Januari 2020, waini ikaachwa. Mahesabu yake yanapandana: kwanza bei ya mzigo ukifika bandarini, juu yake ushuru wa forodha asilimia 15 kama nchi yako haina mkataba, juu ya jumla hiyo ushuru wa pombe asilimia 30, halafu ushuru wa elimu ambao ni asilimia 10 ya huo ushuru wa pombe, halafu VAT asilimia 10 juu ya vyote.

Chupa ya Chile imefika bandarini kwa won 10,000. Forodha sifuri. Pombe 3,000. Elimu 300. Tumefika 13,300, weka VAT 1,330, inatoka na won 14,630. Chupa ya Argentina, jirani yake Chile kabisa, imetengenezwa ng'ambo ya mlima uleule, imefika kwa won 10,000 hizohizo. Lakini Argentina haina mkataba, kwa hiyo forodha 1,500, tuko 11,500. Pombe 3,450. Elimu 345. Jumla 15,295, VAT 1,529 na senti, inatoka na kama won 16,824. Tofauti ni karibu won 2,200 kabla mwagizaji, msambazaji na duka hawajaweka faida zao, ambazo nazo zinapigwa asilimia juu ya hiyo, kwa hiyo rafuni pengo linazidi kutanuka. Afrika Kusini naye yuko kwenye kapu hilohilo la Argentina, na ndo maana waini yake pamoja na ubora wote ule inapata tabu kwenye rafu za kule.

Kwetu Tanzania, Juni 2024 pale Seoul wakati wa mkutano wa Korea na Afrika ilitangazwa kuanza kwa mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi kati ya nchi hizi mbili. Ni habari nzuri. Ila msikimbilie kuuza mbuzi mkanunue mapipa.

Maana soko lenyewe limeshashuka! Hili wanaopiga kelele za "fursa Korea" huwa hawalisemi. 2023 thamani ikarudi mpaka dola milioni 506 hivi, 2024 ikawa kama milioni 462, na ujazo ukawa kama tani 52,000, yaani karibu theluthi ya ile ya 2021 imeyeyuka. Mabaa yalifunguliwa, watu wakatoka ndani. Vijana waliokuwa wanapiga picha za waini wakahamia wiski na soda, ile haiboli, mpaka 2023 wiski iliyoingia ikavuka tani 30,000 kwa mara ya kwanza. Na waagizaji waliojaza maghala wakati wa korona wakabaki na mzigo wa kuuza kwa ofa. Yule aliyevutwa na bei na fasheni huondoka na bei na fasheni, wala simlaumu.

Waliobaki ndo wa kuangaliwa. Hao wameanza kujua wanachotaka, na wanachotaka kinasogea kuelekea waini nyeupe. Sauvignon Blanc ya New Zealand imeendelea kupanda wakati wenzake wanaporomoka. Ukikaa kwenye meza yao unaelewa: kimchi chachu na pilipili, samaki mbichi, kuku wa kukaanga, dagaa. Pilipili na waini nyekundu nzito vikikutana mdomoni ni ugomvi, ule ukakasi unazidi na ukali unawaka. Nyeupe ya baridi inapoza. Na Korea hawanywi bila kitafunio, kina jina lake kabisa, anju, kwa hiyo swali la mnunuzi wa kule siyo "hii waini ina tuzo ngapi", ni "hii naila na nini".

Kwa hiyo mzee wangu wa Hombolo, nikikujibu vizuri sasa: kwa mchuzi wa kwenye tenki na kwa bei ya chini hatumwezi Mchile, yeye anapakia milioni wakati sisi tunatafuta chupa na vizibo. Chenin Blanc yetu ya Dodoma ndo ningeipeleka mimi kwanza, nyeupe, chupa chache, kwa mwagizaji mmoja mwenye leseni anayeuza kwenye migahawa, na lebo ya Kikorea ibandikwe kabisa maana bila hiyo haiuziki. Na hadithi tunayo, zabibu inayovunwa mara mbili kwa mwaka katikati ya nchi kame, tukiikosa hiyo basi tukatafute namba ya gofu.

Juzi nikampigia nimweleze yote haya. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho hakuna mtu ofisini aliwahi kuniuliza: "Na wenyewe hawalimi?" Wanalima. Wilaya ya Yeongdong ndo maarufu, ila zabibu zao nyingi ni za kula, tamu, za kula ukitema ganda, waini yake inakuwa nyepesi. Na huko Cheongdo wana waini ya persimoni, lile tunda la rangi ya chungwa linalofanana na nyanya, wanaihifadhi ndani ya handaki la zamani la treni maana humo baridi haibadiliki mwaka mzima, na watalii wanalipa kuingia kuonja.

"Handaki la treni?" akasema.

Ndiyo mzee, la treni.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza lile handaki letu la Kilosa lina urefu gani.