Alifukuzwa 1992, akaumbuka 2018: kisa cha John Kricfalusi

Mimi ni mchoraji wa leiauti. Kwa wasio wa fani: storibodi, yaani hadithi iliyochorwa picha kwa picha, ikishapitishwa, mtu wa leiauti ndiye anayepanga kila shoti. Mhusika anasimama wapi, kajipindaje, uso unasema nini, ukuta wa nyuma unaishia wapi. Mwenye kumtembeza mhusika anaanza pale mimi ninapoishia. Kazi hii nimejifunza kwa kiasi kikubwa kutoka kwa mtu ambaye sijawahi kumtia machoni, na ambaye siku hizi nikimtaja darasani inabidi nikae chini kwanza nieleze.

Mwaka 2007 nilikuwa nalipia saa moja moja kwenye intaneti kafe ya Kariakoo, najaza flashi yangu kurasa za blogu yake, John K Stuff. Alikuwa ameianzisha mwaka mmoja nyuma, akimwaga bure mambo ambayo vyuo vya Marekani vinatoza ada ya kutisha: chora kichwa kama yai kwanza, usikimbilie macho, nakili michoro ya Preston Blair, mchora katuni mkongwe wa Marekani, mpaka mkono uchoke, mstari mmoja wa mwili ubebe tendo lote. Nilifanya kila zoezi. Bado nayafundisha.

Mwandishi wa blogu hiyo ndiye aliyebuni The Ren & Stimpy Show. Mbwa aina ya chihuahua mwenye hasira na paka mnene mwenye akili finyu. Basi.

John Kricfalusi alizaliwa 1955 Chicoutimi, Quebec, akakulia Ottawa, na utotoni alikaa Ulaya kidogo kwa kuwa baba yake alikuwa kwenye jeshi la anga la Kanada. Aliingia Los Angeles mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa mpenda katuni hakukuwa na wakati mbaya kuliko huo. Studio kama Filmation na Hanna-Barbera zilikuwa zinatengeneza katuni za Jumamosi asubuhi kwa bei ya kutupa. Mwili umesimama kama gogo, mdomo tu ndio unachezacheza. Hadithi inaandikwa na mtu asiyejua kushika penseli. Wachoraji wanapewa karatasi ya mfano, mhusika kachorwa mbele, ubavuni na mgongoni, na kazi yao ni kumnakili vilevile. Ukimtoa nje ya mfano kidogo tu, mchoro unarudi mezani kwako. Halafu furushi zima linapandishwa ndege kwenda Asia kuchorwa mwendo. Kricfalusi mwenyewe alipelekwa Taiwan katikati ya miaka ya 1980 kusimamia leiauti za The Jetsons.

Mwaka 1987 mwongozaji wa katuni Ralph Bakshi akampa nafasi ya kuongoza katuni mpya za Mighty Mouse. Mwaka uliofuata akapewa Beany and Cecil na kituo cha ABC. Wakagombana, kipindi kikafutwa baada ya kurushwa mara 5. Hapo weka alama, tutaparudia.

Kisha yeye na wenzake, Jim Smith, Bob Camp na Lynne Naylor, wakaanzisha studio yao, Spümcø. Nickelodeon, kituo cha televisheni cha watoto cha Marekani, wakanunua Ren & Stimpy, na tarehe 11 Agosti 1991 ikaruka hewani siku moja na Rugrats na Doug. Ukiziangalia leo hizo tatu kwa mpigo utaelewa watu walishtuka nini. Mbili ni katuni. Hii nyingine ni kama mtu kaingia sebuleni kwako bila hodi.

Siri haikuwa makamasi na mashuzi, ingawa ndiyo yaliyovuta watoto. Ilikuwa mpangilio wa kazi. Spümcø walitupa maandishi: hadithi ilianza kama muhtasari, na wachora storibodi ndio walioiandika wakiwa wanachora. Karatasi ya mfano wakaivunja miguu. Mwiko ulikuwa kurudia uso uleule mara mbili. Ren akikasirika leo asikasirike kama jana. Na leiauti, hapo ndipo ninapopapenda, hazikuwa michoro miwili mitatu ya shoti. Zilikuwa mikao chungu nzima, imechorwa ndani ya studio, ili kokote furushi litakakofikia pasiwe na mwanya wa mtu kuilainisha. Kisha ghafla katuni inasimama, unaona picha moja iliyopakwa rangi kwa mkono, jino lililooza na mishipa ya jicho, sekunde mbili, halafu mwendo unaendelea. Vipindi vizuri zaidi vilichorwa mwendo na Carbunkle Cartoons ya Vancouver, studio ya Bob Jaques na Kelly Armstrong. Hao hawakulainisha kitu.

Sasa tupige hesabu, maana mashabiki huwa hawaipigi. Filamu inakwenda fremu 24, yaani picha 24, kwa sekunde. Kipindi cha nusu saa ukitoa matangazo ni kama dakika 22. Hizo ni fremu 31,680. Ukishikilia kila mchoro fremu mbili, kama inavyofanyika kawaida, unahitaji michoro karibu 16,000 ya mwendo, hata kama mhusika ni mmoja tu. Studio za bei rahisi hukwepa mlima huo kwa kurudia: uso uleule, mguu uleule, mti uleule unapita mara tano. Kricfalusi alikataza kurudia. Juu yake akawa anakagua kila mkao mwenyewe na kurudisha asioupenda. Ninajua kurudishiwa kulivyo. Niliwahi kufanya kazi chini ya mwongozaji wa hivyo, simtaji; leiauti moja ya mkono unaoshika kikombe niliichora mara 11, na ile iliyokubaliwa ilikuwa ya tatu.

Msimu wa kwanza ulikuwa vipindi 6 tu, na hata hivyo ulichelewa. Watoto wakaupenda, wanafunzi wa vyuo wakaupenda zaidi, Nickelodeon wakaagiza vingi. Studio ndogo yenye desturi ya kurudisha kila kitu haikuweza. Tarehe zikapita, bajeti ikapasuka. Katikati ya hayo ikaja "Man's Best Friend", ambamo mzee mkali anayeitwa George Liquor anawafuga Ren na Stimpy, na mwishowe Ren anamtwanga kwa kasia bila huruma. Nickelodeon wakakataa kuirusha. Septemba 1992 wakamwondoa Kricfalusi kwenye kipindi alichobuni. Wahusika hawakuwa mali yake tena. Alikuwa amewauza tangu mwanzo, kama mikataba ya televisheni ya Marekani ilivyokuwa.

Hapa ndipo mimi na wenzangu wengi tulipotea njia. Hadithi tuliyoipokea ilikuwa tamu mno: msanii mkweli, kampuni kubwa yenye woga, msanii anatupwa nje ya nyumba aliyoijenga. Bob Camp, aliyebaki kuendeleza kipindi kwenye studio mpya ya Nickelodeon iliyoitwa Games Animation, mashabiki wakamwita msaliti. Billy West, sauti ya Stimpy, akabebeshwa na Ren pia, kwa sababu sauti ya Ren alikuwa Kricfalusi mwenyewe. Vipindi vya baadaye havifikii vya mwanzo, hilo sibishi. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: tuliokaa mbele ya skrini hatukuwa sisi tuliolala studio kuchora upya, wala sisi tulioacha nafasi wazi kwenye ratiba ya kituo.

Kufukuzwa kule hakukumshusha. Kulimpandisha. Akawa shahidi wa sanaa. Mwaka 1997 akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutengeneza katuni za mfululizo kwa ajili ya intaneti, kwa programu ya Flash, akimtumia yuleyule George Liquor. Akamtengenezea mwanamuziki Björk video. Vijana wakamwandikia barua wakitaka kufundishwa. Neno lake kuhusu mchoro wako lilikuwa kama cheti.

Ushahidi kwamba tatizo halikuwa Nickelodeon peke yao ulikuja 2003. Kituo cha Spike TV kilimrudishia Ren na Stimpy, safari hii kwa watu wazima, bila wa kumkataza. Billy West alikataa kushiriki. Kazi ikachelewa tena, vilivyokuwa tayari vilikuwa virefu, vichafu bila kuchekesha, na vilirushwa vipindi 3 kisha vikakatwa. Niliviona miaka mingi baadaye. Michoro mingine ni mizuri ajabu, na hakuna mtu mezani aliyethubutu kusema "hapa pamezidi, kata". Spümcø ikafa. Mwaka 2012 akachangisha mtandaoni zaidi ya dola 130,000 za mashabiki kwa filamu fupi, Cans Without Labels. Waliochanga waliipata 2019. ABC, Nickelodeon, Spike, na mwisho mashabiki wenyewe: mabosi wanne tofauti, ucheleweshaji uleule.

Machi 2018 tovuti ya habari ya BuzzFeed News ikachapisha simulizi ya wanawake wawili. Majina yao yalitajwa huko kwa hiari yao. Hapa sina haja nayo. Wote walimwendea wakiwa mabinti wadogo wanaopenda kuchora. Mmoja alieleza jinsi alivyoanza kuwasiliana naye akiwa bado shule, akaletwa Los Angeles 1997 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, na kuishi naye kama mpenzi akiwa na miaka 16. Kricfalusi alikuwa amevuka 40. Katika jimbo la California umri wa kuridhia ni 18. Wa pili alisema Kricfalusi alimwandama tangu yeye akiwa chini ya umri, kisha akamwajiri na kumsumbua kingono kazini. Na waliohojiwa wengine walionyesha kwamba ndani ya fani hii haikuwa siri. Watu walijua, wakatania, wakaendelea kuchora.

Mwanasheria wake alikubali kwamba aliwahi kuwa na mpenzi wa miaka 16. Hakufunguliwa mashtaka ya jinai. Lakini kilichonifanya nisome taarifa ile mara mbili ni utetezi wenyewe: kwamba miaka ya 1990 alikuwa amedhoofika kiakili na kihisia, hasa baada ya kuwapoteza Ren na Stimpy. Yaani ule ufukuzwaji wa 1992. Hadithi iliyomlinda kwa wakubwa wa vituo, iliyowafanya mabinti wa shule wamwone mtu wa kuonewa huruma na kuabudiwa, ilitolewa tena kabatini ili imlinde na mabinti haohao. Nami nilikuwa mmoja wa walioibeba hadithi ile, kila nilipowaambia wanafunzi wangu "kampuni zilimwonea".

Mmoja wa wale wawili aliacha fani kabisa. Mwaka 2020 Comedy Central walipotangaza Ren & Stimpy mpya, walisema aliyewabuni hatakuwamo.

Mwezi uliopita niliwaonyesha wanafunzi "Stimpy's Invention", kipindi cha Februari 1992, ile ya helmeti inayomlazimisha Ren afurahi. Nilisimamisha kwenye orodha ya waliotengeneza na kuisoma yote kwa sauti, jambo nililokuwa silifanyi zamani. Binti mmoja wa mbele akauliza: "Sasa mwalimu, hapo cha kwake ni kipi?"

"Ameongoza," nikamwambia. "Na sauti ya Ren anapoongea ni yake. Wimbo kautunga Chris Reccardi. Mwendo ni wa Vancouver."

Akaomba nirudishe nyuma, aangalie mikono.