Jiko la moshi kwa nyumba za Tanga: tazama hewa kabla ya chuma

Sikukuu zikikaribia, watu huniletea picha ileile kwenye simu: jiko refu jeusi lililolala juu ya miguu ya chuma, kisanduku cha moto ubavuni, dohani upande wa pili. "Dada, fundi akinichomelea hili, nitapata nyama laini ya moshi?" Mimi kazi yangu ni kubanika nyama na samaki kwa oda hapa Tanga mjini, na mafundi huniita niwape vipimo vya majiko. Kwa nyumba nyingi za hapa nawajibu kwamba hilo wasilianze. Ni jiko zuri sana, lakini lilibuniwa kwa nyama nyingine na kwa kuni nyingine.

Nianze na nyama yenyewe, kwa sababu ndiyo inayochagua jiko. Nyama choma tuliyoizoea hukaa juu ya makaa mekundu na kuiva kwa dakika. Nyama ya moshi hukaa mbali na makaa, kwenye joto la nyuzi 107 hadi 135 hivi za Selsiasi, saa baada ya saa. Kinachosubiriwa ni kolajeni, ile tishu ngumu iliyofungamana na misuli ya kidari, mkono na shingo. Ikikaa muda mrefu kwenye joto la kupita nyuzi 70 huyeyuka pole pole na kuwa gelatini, na hapo kipande kigumu huachia chenyewe ukikivuta kwa uma. Kidari cha ng'ombe hufikishwa nyuzi 93 hadi 96 ndani kabla hakijaepuliwa. Kuku na samaki hawana ugumu huo, kwa hiyo hawahitaji kukaa hivyo.

Kidari kinachoonekana kwenye video za Texas, Marekani, ni cha ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka, na mafuta yamepenya mpaka katikati ya nyama. Ng'ombe wanaoshuka kutoka Handeni na Kilindi kuja kwenye mabucha yetu ni zebu, wale ng'ombe wenye nundu, wa malishoni. Ladha yao naipenda kuliko ya ng'ombe yeyote, lakini kidari chao ni chembamba na mafuta ni machache. Nyama ya namna hiyo ikipitiwa na hewa kavu ya moto mchana kutwa hukauka kabla kolajeni haijamaliza kuyeyuka. Unabaki na kitu chenye rangi nzuri kisichotafunika. Ndiyo sababu nikiitwa kutazama jiko naanza kupima hewa inayopita ndani yake, na unene wa chuma nauacha baadaye.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wateja wangu wengi hawajalifikiria: muombe mchinjaji nundu. Nundu ya zebu ina mafuta na kolajeni kwa pamoja, na Brazil, ambako zebu wamejaa, hupikwa pole pole na kuheshimiwa kama kipande cha pekee. Kwenye jiko la moshi inafanya kazi ambayo kidari chetu hakiwezi.

Turudi kwenye lile jiko la picha. Kuni huwaka kisandukuni, na dohani huvuta joto na moshi kupita juu ya nyama hadi nje. Hewa inayopita ni nyingi, moto unapumua vizuri, na moshi wake ni safi kuliko wa majiko mengine yote. Kwa ladha peke yake sina jiko la kulishindanisha nalo. Lakini hewa hiyo hiyo ndiyo inayokausha. Isitoshe, yale ya Texas yalichomelewa kutokana na mabomba na matangi ya visima vya mafuta, chuma cha milimita 6 na zaidi, kinachoshika joto hata upepo ukivuma. Ukimwambia fundi hapa apunguze gharama atakutengenezea kwa bati la milimita 2. Upepo wa kusi ukilipiga, joto linaanguka, unaongeza gogo, joto linaruka, na mchana wote unakuwa mtumwa wa moto. Hata likiwa la chuma kinene, linataka gogo kavu kila nusu saa au dakika arobaini. Kwa mgahawa unaobanika mbuzi watatu kwa siku, na una kijana wa kukaa na moto, lichukue. Kwa familia ya watu sita ni kuni nyingi kwa nyama kidogo.

Jiko ninalolipendekeza ni pipa la kusimama. Pipa la chuma la lita 200 lina urefu wa sentimita 88 hivi, na urefu huo ndio unaolifaa: kapu la mkaa linakaa chini kabisa, wavu wa nyama unakaa karibu na mdomo, na kati yao pana sentimita 60. Joto linafika likiwa limetulia. Hewa inaingia kwa matundu machache ya chini na kutoka kwa tundu la kwenye mfuniko, kidogo kidogo, hivyo unyevu unaotoka kwenye nyama unabaki ndani kuizunguka. Zebu wetu anahitaji hivyo hasa.

Kwa fundi, toa maelekezo haya bila kuona haya. Pipa liwe lilibeba mafuta ya kula au kitu kingine cha kuliwa. Lililobeba dawa za shamba au kemikali usiyoijua halifai, hata likichomwa mara ngapi. Mapipa mengi yamepakwa rangi ngumu ndani. Washa moto mkubwa wa kuni humo, nje na mbali na watu, mpaka rangi yote iungue, kisha lisuguliwe libaki chuma kitupu. Matundu ya chini yawe matatu au manne, yenye upana wa sentimita 2.5, na kila moja liwe na kifuniko kinachozunguka. Mfuniko ukae bila kupenya moshi pembeni. Wavu uwe wa chuma kitupu au kisichoshika kutu. Wavu wa mabati ukataeni kabisa, kwa kuwa zinki iliyopakwa juu yake ikipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu. Na pipa lisikae juu ya udongo. Liinuliwe kwa miguu, maana hewa yetu ya chumvi inakula chuma kuanzia chini.

Namna ya kuliwasha ndiyo siri yake. Jaza kapu kwa mkaa usiowashwa, halafu weka juu yake makaa machache tu yaliyokwisha kushika. Moto utashika mkaa pole pole kutoka juu kwenda chini, siku nzima. Anza kubana matundu joto likiwa limebakiza nyuzi 15 hivi kufika unapotaka, kwa sababu pipa lililozidi joto huchukua muda mrefu kupoa, na lililopungua hupanda kwa kufungua tundu moja. Katikati, chini ya nyama, weka sinia la maji. Maji hayapandi zaidi ya nyuzi 100, hivyo hunyonya joto linaporuka. Mvuke wake huiacha nyama na uso wenye unyevu, na moshi hushika vizuri zaidi kwenye uso wa namna hiyo. Faida nyingine ya sinia ni kupokea mafuta yanayodondoka. Mafuta yakiangukia makaa huungua na kutoa moshi wenye kemikali zisizotakiwa, mojawapo benzopairini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Moshi wenyewe unatoka kwenye vipande vya kuni unavyochanganya na mkaa, vitatu au vinne, ukubwa wa ngumi. Harufu tunayoitafuta hutokana zaidi na lignini, sehemu ya mti inayoupa ugumu, ikivunjika kwenye joto. Kuni ikiwa mbichi, au moto ukikosa hewa, utaona moshi mweupe mzito, na nyama itakuwa chungu na kuuwasha ulimi. Moshi mzuri ni mwepesi, wa buluu iliyofifia, na mara nyingine huuoni kabisa, unaunusa tu. Baada ya masika, kuni zilizolala nje hazifai. Zianikwe na kuwekwa chini ya paa wiki nyingi kabla.

Kwa kuni Tanga tumebarikiwa. Muheza ni kwao machungwa, na michungwa mizee ikikatwa hutoa kuni yenye moshi mtamu usiozidi nguvu. Kwa kuku na samaki sitafuti nyingine. Mwembe una nguvu zaidi kidogo na unafaa ng'ombe. Mpera ni mzuri kwa mbuzi. Vifuu vya nazi vinawaka kwa joto kali na kusaidia mkaa, na makumbi hutoa moshi mwingi sana, kwa hiyo tia kidogo. Misonobari iache, utomvu wake unaharibu chakula. Mabaki ya seremala nayo yaache, kwa kuwa hujui mbao zilipakwa nini. Na usijaribu kamwe maganda ya korosho: mafuta yake yanaunguza ngozi, na moshi wake unawasha macho na koo. Mikoko haina mjadala, ni misitu ya hifadhi na mazalia ya samaki tunaowala.

Kama nyumbani kwenu samaki ni wengi kuliko nyama, na wako wengi wa hivyo huku Sahare na Pangani, usijenge pipa. Jenga tanuri la matofali la mstatili lenye chano. Mfano wake bora katika Afrika ni Chorkor, lililopewa jina la kijiji cha wavuvi pembezoni mwa Accra, Ghana. Lina midomo miwili ya kuni chini, na chano za mbao zenye wavu hupangwa moja juu ya nyingine, hata kufika 15, hadi zenyewe zinakuwa dohani. Unazibadilisha nafasi, za chini zinakwenda juu, samaki wote wanaiva sawa kwa kuni chache. Mwaka 2008 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, pamoja na chuo cha uvuvi cha Thiaroye, Senegal, waliendeleza wazo hilo kwa jiko la FTT: wakaongeza sinia la kukusanya mafuta na sehemu ya pembeni ya kutengenezea moshi, ili samaki asikae juu ya mafuta yanayoungua. Walilenga kupunguza zile kemikali nilizozitaja, ambazo Umoja wa Ulaya unazibana sana: benzopairini isizidi maikrogramu 2 kwa kilo ya nyama au samaki wa moshi. Ukijenga tanuri la kawaida, sinia la chuma kitupu lenye mteremko kati ya moto na chano ya kwanza ni nyongeza ndogo, nami nakusihi usiiache.

Na jamani, moshi peke yake hauhifadhi samaki. Nguru au changu aliyebanikwa akabaki laini na mwenye maji ni wa kuliwa siku hiyo au kuwekwa kwenye friji. Anayekaa nje ni yule aliyekaushwa mpaka akawa mkavu kabisa.

Majiko mengine nitayapitia haraka. Kamado, lile la kauri lenye asili ya Japani, ndilo linalotunza unyevu kuliko yote na linatumia mkaa kidogo mno. Kama unaweza kulimudu na kulisafirisha bila kupasuka, ni bora kuliko pipa langu. La punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, lililoanzishwa na Joe Traeger huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980, linataka umeme na punje zisizoguswa na unyevu. Katika hewa ya Tanga punje huvimba na kurudi kuwa unga wa mbao. La umeme ni rahisi, lakini umeme ukikatika nyama ikiwa bado vuguvugu, kati ya nyuzi 4 na 60, ndipo vijidudu vinapozaliana kwa kasi. Jiko la mviringo lenye mfuniko, la aina ambayo George Stephen aliitengeneza Chicago mwaka 1952, linatosha kabisa kwa wawili au watatu: makaa upande mmoja, nyama upande mwingine, tundu la mfuniko juu ya nyama.

Jiko lolote utakalochagua, nunua kipimajoto chenye sindano ya kuchoma ndani ya nyama. Saa ya kwenye mfuniko hupima joto la mfunikoni. Utahitaji sindano hiyo hasa pale kidari au nundu inapofika nyuzi 65 hadi 75 na kusimama, hata kwa saa kadhaa. Moto haujaharibika. Maji yanayovukizwa kutoka kwenye nyama yanaipoza kwa kasi ile ile inayopashwa. Usiongeze mkaa kwa wasiwasi. Subiri, au izungushie majani ya mgomba yaliyobabuliwa, mvuke ubaki ndani, joto lipande tena.

Liweke uani, penye hewa, mlango wake ukitazama mbali na upepo. Kati ya Mei na Septemba upepo ni wa kusi, na kaskazi ikiingia ligeuze. Usilitie jikoni wala kibandani kwa sababu ya mvua. Mkaa unaowaka polepole hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.

Moto wa kwanza uwe bila nyama. Paka ndani mafuta ya kula, washa, shikilia nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu mpaka chuma kiwe cheusi kinachong'aa, ukijifunza kila tundu linabadilisha nini. Siku ya pili weka kuku mzima. Gharama yake ni ndogo, hachukui siku nzima, na akifika nyuzi 74 kwenye paja, karibu na mfupa, mwepue.