Chati ya udhibiti ni nini?

Chati ya udhibiti ni mchoro wa vipimo vilivyopangwa kwa mfuatano wa muda, wenye mstari wa wastani katikati na mipaka miwili, juu na chini. Humsaidia mwendesha mashine kuamua: niiguse au niiache?

Walter Shewhart aliibuni mwaka 1924 nchini Marekani, kwenye utengenezaji wa vifaa vya simu. Alitenganisha tofauti zilizomo kiwandani siku zote, kama mtetemo mdogo wa mashine, na zile zenye chanzo mahususi: springi imelegea, au malighafi mpya imekuja na unyevu.

Chukua mashine ya kufungasha unga wa kilo 1. Kila nusu saa pima mifuko 5 iliyofuatana; andika wastani wake na pengo kati ya mzito kuliko yote na mwepesi kuliko yote. Yakifika makundi 20 hadi 25, piga hesabu. Tuseme wastani mkuu (wastani wa wastani za makundi yote) ni gramu 1,004 na wastani wa mapengo ni gramu 10. Kwa makundi ya mifuko 5, zidisha pengo hilo kwa 0.577 (namba ya jedwali, kama 2.114 na 2.326 hapa chini), upate 5.77. Mipaka ya chati ya wastani ni gramu 998.2 na 1,009.8. Chati ya mapengo ina mpaka wa juu wa 2.114 × 10, yaani gramu 21.1, na wa chini ni sifuri. Anza kusoma hiyo ya mapengo: ikiwa haijatulia, mipaka ya wastani haiaminiki.

Mipaka iko sigma 3 kutoka katikati (sigma ni kipimo cha mtawanyo), hivyo mchakato uliotulia hupiga kengele ya uongo takribani mara 1 katika nukta 370. Nukta ikitoka nje, tafuta chanzo papo hapo. Nukta 8 mfululizo upande mmoja wa mstari wa kati nazo ni ishara, hata zikiwa ndani.

Wengi huteleza kwa kuchora matakwa ya mteja kama mipaka ya chati. Mipaka hutokana na mashine yenyewe, tena ni ya wastani wa mifuko 5. Mfuko mmoja mmoja hapa una sigma ya gramu 4.3 (10 ÷ 2.326), kwa hiyo chati inaweza kutulia tuli huku takribani mfuko 1 kati ya 6 ukiwa chini ya kilo 1. Dawa hapo ni kupandisha ujazo au kupunguza mtawanyo. Kumgombeza mwendeshaji hakusaidii.

Kosa lingine ni kurekebisha kila baada ya kipimo. Ukiisogeza mashine iliyotulia kwa kiasi kilekile ilichokosea, sigma hupanda kwa takribani 41%.

Na chati ikiwa nzuri mno, nukta zote zimeng'ang'ania katikati, itilie shaka. Mara nyingi kila kundi limechanganya mifuko iliyojazwa na midomo tofauti ya mashine (matundu ya kumiminia unga): tofauti za midomo zimevimbisha mapengo na kuitanua mipaka. Kila mdomo upewe chati yake.