Barafu ya kaskazini ikiyeyuka, nani anashika barieri?

Nafundisha sheria ya bahari hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo, mji ulio mbali na bahari yoyote kwa zaidi ya kilomita elfu moja. Kila nikifika kwenye habari za Aktiki, eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia, lazima mwanafunzi mmoja anyanyue mkono: "Profesa, hii inatuhusu nini?" Inatuhusu, ila si kwa sababu ile inayosomwa magazetini.

Magazetini wanasema barafu inayeyuka, njia fupi inafunguka, basi wakubwa wanakimbilia mali. Barafu kweli inapungua: Septemba 2012 ilibaki kama kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwaka 1979. Njia nayo kweli ni fupi. Yokohama hadi Rotterdam kwa kupitia Suez ni takriban maili za baharini 11,200. Ukipita kaskazini ya Urusi ni kama 7,300. Lakini meli hazijahamia huko. Urusi ilitaka kupitisha tani milioni 80 kufikia 2024, na mwaka huo hazikufika hata milioni 40. Zilizopita, nyingi ni mafuta na gesi ya Urusi yenyewe. Kampuni ya meli ya Maersk ilipeleka meli moja ya makontena mwaka 2018, ikasema wazi kwamba ni jaribio tu.

Mtu wa Katanga hapa hahitaji mhadhara. Aliyeona malori ya shaba yamepanga foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anajua kwamba kilomita chache si gharama ndogo. Swali ni nani anashika barieri, yaani kizuizi cha njiani, na kwa karatasi gani.

Karatasi ya kule kaskazini ni kifungu cha 234 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Kanada ndiyo iliyokipigania zaidi. Kinaipa nchi ya pwani haki ya kutunga sheria zake za kuzuia uchafuzi unaotokana na meli, na kuzisimamia, ndani ya ukanda wake wa kiuchumi wa maili 200, mahali ambapo barafu inafunika maji "kwa sehemu kubwa ya mwaka" na kuhatarisha safari. Urusi inakitumia kudai kila meli iombe kibali kabla ya kuingia njia ya kaskazini, na inapoona inafaa iongozwe na meli ya kuvunja barafu, kwa malipo. Marekani haikubali upana huo wa madai.

Sasa soma tena yale maneno: kwa sehemu kubwa ya mwaka. Joto lile lile linaloleta wateja kwenye barieri ya Urusi ndilo linalokula karatasi yake. Siku maji yakibaki wazi miezi saba au minane, mwanasheria wa upande wa pili atauliza barafu ya kifungu cha 234 iko wapi. Nadhani Moscow wanalijua hilo vizuri, ndiyo maana hawategemei kifungu hicho peke yake. Wanasema pia kwamba baadhi ya milango ya bahari pale ni maji yao ya ndani. Kanada inasema vivyo hivyo kuhusu njia yake ya kaskazini-magharibi. Marekani, jirani na rafiki, imeikatalia kwa miaka mingi.

Kuhusu mali ya chini, mwaka 2007 Warusi wakiongozwa na Artur Chilingarov walishuka zaidi ya mita 4,200 na kusimika bendera ya titani kwenye Ncha ya Kaskazini. Picha nzuri, kisheria haina uzito wowote. Kinachohesabiwa ni jinsi bara linavyoendelea chini ya maji, na hapo Urusi, Denmark na Kanada zote zimewasilisha madai yanayogusa mgongo wa milima wa Lomonosov. Tume inayoyachunguza hutoa mapendekezo tu; haiamui mipaka kati ya jirani na jirani.

Na sisi? Fungua kifungu cha 82, ambacho karibu hakuna anayekisoma. Nchi ikichimba kwenye mwendelezo wa bara lake nje ya maili 200, miaka mitano ya kwanza hailipi kitu. Mwaka wa sita inatoa asilimia 1 ya thamani ya uzalishaji, kisha inaongeza 1 kila mwaka hadi 7. Fedha hizo zinapitia Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, Kingston, Jamaika, zigawiwe nchi wanachama kwa kuangalia mahitaji ya nchi zinazoendelea. Kongo ni mwanachama. Marekani si mwanachama, ingawa Desemba 2023 ilijichorea eneo la karibu kilomita za mraba milioni moja.

Wazalishaji wa nchi kavu kama sisi tulikuwa na kinga nyingine: mkataba wa 1982 uliweka kikomo cha uchimbaji kwenye sakafu ya bahari isiyo ya nchi yoyote, ili bei ya madini yetu isivunjike. Makubaliano ya 1994 yakakifuta, yakaacha mfuko wa kusaidia watakaoumia. Kobalti ya Kolwezi haina tena ukuta ule. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi: habari za bendera waachieni wapiga picha, ninyi fuatilieni hesabu ya Kingston, kwa sababu kanuni ya kugawa fedha za kifungu cha 82 ndiyo kwanza inatafutwa.