Kwa nini Moodle huikagua seva kabla ya kukubali kusakinishwa?

Anayesakinisha Moodle, programu ya kuendeshea masomo mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi, kikiwamo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, hukutana mapema na jedwali refu. Hajaunda kozi wala hajasajili mwanafunzi hata mmoja, lakini tayari anaonyeshwa toleo la PHP (lugha ya kuandikia programu za wavuti), toleo la hifadhidata, viendelezi (vipande vya ziada vinavyoiongezea PHP uwezo) na mipangilio ya seva, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, na kila kipengele kimewekewa alama ya kufaa au kutofaa. Sharti la lazima likikosekana, kazi husimama hapo hapo. Ya nini ukali huu, ilhali tovuti nyingine zilizomo katika seva hiyo hiyo zinafunguka bila shida?

Sababu iliyo rahisi kuiona ni kwamba programu ya wavuti haijitoshelezi. Moodle, iliyoasisiwa na Martin Dougiamas nchini Australia na kutolewa katika toleo la 1.0 mwaka 2002, imeandikwa kwa PHP, na lugha hiyo hubadilika. PHP 7.0 ilipotoka mwaka 2015, ilifuta amri ya mysql_connect iliyokuwa ikitumiwa kuunganisha tovuti na hifadhidata, na programu zilizokuwa bado zinaitegemea zikashindwa kufanya kazi. Ndiyo maana Moodle 4.5, ya Oktoba 2024, inataka PHP isiyopungua 8.1. Masharti ya kila toleo yameandikwa katika faili liitwalo environment.xml, ya lazima yakitenganishwa na yale yanayopendekezwa tu.

Hata hivyo, toleo lisilofaa ni kosa la wazi, kwa kuwa tovuti hugoma na mhusika hujua pa kuanzia. La kuogopwa zaidi ni kosa la kimya. Mfano mzuri ni mpangilio wa max_input_vars, unaoweka kikomo cha idadi ya sehemu ambazo PHP itapokea kutoka katika fomu moja. Uliingizwa katika PHP 5.3.9, mwaka 2012, ili kuwazuia wavamizi waliokuwa wakituma fomu zenye maelfu ya sehemu zilizochaguliwa makusudi ili kuilemea seva. Kikomo chake cha kawaida ni 1,000, na kwa tovuti nyingi kinatosha kabisa.

Sasa tumfikirie mwalimu mwenye wanafunzi 300, kila mmoja akiwa na alama tano, ambaye amejaza ukurasa mzima na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi. Hizo ni sehemu 1,500. PHP hupokea 1,000 za kwanza, huzitupa zinazobaki, na onyo lake huweza kuishia katika faili la kumbukumbu za seva ambalo mwalimu halioni kamwe. Wanafunzi mia moja hivi wa mwisho hubaki bila alama, na pengine hakuna atakayeligundua jambo hilo hadi matokeo yatangazwe. Kwa sababu hiyo, Moodle inayotumia PHP 8 inalazimisha kiwango kisichopungua 5,000, na kwa maoni yangu hilo ni sharti la haki kuliko yote yaliyomo katika jedwali lile.

Viendelezi navyo vina kazi mahususi: intl hushughulikia mpangilio wa maneno na tarehe kwa kufuata lugha, na sodium husimba data za siri.

Wengi hukwama pale wanapoandika php -v, amri ya kuonyesha toleo la PHP, wakaona 8.2, kisha Moodle ikasisitiza kwamba imekuta 7.4. Zote mbili zinasema kweli. Seva moja huweza kuwa na PHP mbili, moja ya mstari wa amri na nyingine inayohudumia wavuti, kila moja ikisoma faili lake la mipangilio, php.ini, hivyo kurekebisha faili la PHP ya kwanza hakuigusi ya pili. Ukaguzi unaofanywa na programu ikiwa ndani ya wavuti ndio wa kufuatwa, maana huiona PHP ile ile itakayowahudumia wanafunzi.

Ukaguzi huo hauishii siku ya kusakinisha. Msimamizi anaweza kuurudia wakati wowote katika sehemu ya usimamizi wa seva, akachagua toleo analokusudia kuhamia na kuona kinachopungua kabla hajagusa faili lolote.