Kabla Fundi Hajakufungulia Poti ya Kamera

Wengi wanaotuuliza jambo hili wako mbali na nyumba zao. Mmoja anafanya kazi Muscat na nyumba yake iko Tanga. Mwingine amehamishiwa Dodoma, familia imebaki Mbagala. Fundi ameshafunga kamera nne na DVR, yaani kisanduku kinachorekodi picha zake, picha zinaonekana vizuri kwenye televisheni ya sebuleni, na sasa mwenye nyumba anataka kuziona kwenye simu popote alipo. Fundi anamjibu: "Hilo dogo, bosi. Nakufungulia poti."

Kweli ni dogo, halichukui hata dakika kumi. Lakini ni vyema ujue unafungua nini. Poti ni kama mlango wenye namba, ambao maombi ya mtandao hupitia kukifikia kifaa.

Nyumba yenye intaneti huwa na anwani moja ya IP, namba ya utambulisho mtandaoni, inayoonekana nje, ile ambayo ruta, kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani, imepewa na kampuni ya mtandao. Humo ndani kila kifaa kina anwani yake ya faragha, mara nyingi inayoanza na 192.168. Simu yako ikiomba kitu huko nje, ruta inakumbuka nani aliomba, na jibu likirudi inamkabidhi mwenyewe. Ombi lililoanzia nje, ambalo hakuna aliyeliita, ruta haijui ni la nani, basi inalitupa. Huo ni ulinzi mkubwa, na umekuwepo siku zote bila wewe kuugharamia.

Kuelekeza poti, ndiko huko fundi anakoita kufungua, ni kuiachia ruta agizo la kudumu: ombi likija kwenye poti fulani, tuseme 8000, lipeleke moja kwa moja kwenye DVR. Na agizo hilo halibagui. Halisemi "ombi la simu ya baba mwenye nyumba". Linasema ombi lolote, la yeyote, kutoka popote duniani, saa yoyote.

Watu hunijibu: nani atanijua mimi? Hakuna anayehitaji kukujua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kompyuta moja yenye laini ya gigabiti moja iliweza kugonga poti moja kwenye anwani zote za umma za IPv4, yaani anwani za IP za mfumo wa zamani wa namba nne, kwa chini ya dakika 45. Tangu 2009 ipo Shodan, injini ya utafutaji inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi mtandaoni, zikiwemo kamera. Ndiyo maana ule ujanja wa kubadilisha namba ya nje, badala ya 8000 ukaweka 48000, hupunguza wagongaji tu. Poti zote ni 65,535, na kompyuta haichoki kuhesabu.

Mgongaji akikuta mlango uko wazi, kinachobaki ni neno la siri. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilisambaa kwenye kamera, DVR na ruta kwa kujaribu majina na maneno ya siri ya kiwandani, takriban jozi 60 tu, za aina ya "admin" na "12345". Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, vifaa vilivyotekwa viliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikizielekeza kompyuta kwenye anwani za tovuti nyingi, na kwa saa kadhaa watu wengi hawakuweza kufungua Twitter, Netflix wala Reddit. Kamera zilizofanya kazi hiyo zilikuwa kwenye nyumba na maduka ya watu waliokuwa wakiendelea na shughuli zao.

Neno la siri gumu nalo halitoshi peke yake. Septemba 2021 Hikvision ilitangaza kasoro iliyopewa namba CVE-2021-36260: mtu akiufikia ukurasa wa wavuti wa kamera iliyoathirika, angeweza kuitawala yote bila neno la siri lolote. Dawa ilikuwa kuweka fimuwea mpya, yaani ile programu inayoendesha kifaa chenyewe. Sasa jiulize kwa unyoofu, DVR yako mara ya mwisho ilisasishwa lini?

Kwa hiyo ushauri wangu uko wazi: usiifungulie kamera poti kama una njia nyingine, na njia ninayoipendelea ni VPN, yaani njia ya faragha ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani ukiwa mbali. Ruta nyingi za siku hizi zinaweza kuendesha WireGuard au OpenVPN, ambazo ni programu za VPN. Simu yako inaingia kwanza kwenye mtandao wa nyumbani kwa ufunguo wake, kisha inaiona DVR kana kwamba umekaa sebuleni. WireGuard huwa haimjibu kabisa asiye na ufunguo. Anagonga, anasikia kimya, anapita.

Hata hivyo, kabla ya kumlipa mtu kwa njia yoyote kati ya hizi mbili, fanya kipimo kimoja. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje, uilinganishe na ile inayoonyeshwa na tovuti za kukuambia anwani yako ya IP. Zikitofautiana, au ya ruta ikianza na 10 na nukta (10.), ama ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue kampuni yako ya mtandao imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ruta za laini ya simu mara nyingi ziko hivyo. Hapo fundi atafungua poti mpaka asubuhi na hakuna kitakachofika. Omba anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa, au tumia huduma ya mtengenezaji, ile ya kuskani msimbo wa QR. Ni rahisi na haihitaji poti, ila unamkabidhi mtengenezaji imani yako: Machi 2021 wadukuzi walitumia akaunti ya usimamizi ya kampuni ya Verkada ya Marekani wakaweza kuziona kamera zipatazo 150,000 za wateja wake. Kamera ya chumbani, kwa maoni yangu, isiunganishwe na chochote cha nje.

Kama hali yako inakulazimu kufungua poti, basi simama na fundi. Aipe DVR anwani ya ndani isiyobadilika, la sivyo umeme ukikatika na kurudi, agizo linaweza kuelekea kwenye kifaa kingine. Azime UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia poti vyenyewe. Afungue poti moja tu inayohitajika, na kamwe asiiweke DVR kwenye DMZ, kwa maana hiyo ni kufungua zote kwa mkupuo. Fimuwea isasishwe kabla, si baadaye. Kujaribu, zima Wi-Fi ya simu na utumie bando; ukijaribu ukiwa ndani ya Wi-Fi ya nyumbani, matokeo yatakudanganya.

Fundi akishaondoka, ingia kwenye DVR na kwenye ruta, ubadilishe maneno yote ya siri aliyoyaweka, kisha utazame orodha ya watumiaji. Ukikuta jina usilolijua, mpigie umuulize ni la nini. Mara nyingi ni la kwake, aliliacha ili akirudi kutengeneza asikusumbue. Lifute, siku akirudi utamtengenezea jingine.